Alama Bila Sababu: Uchambuzi wa Kesi ya Loomis na Akili Unde Mahakamani

Tarehe 13 Julai 2016, Mahakama ya Juu ya jimbo la Wisconsin, nchini Marekani, ilitoa uamuzi katika kesi inayojulikana kama State v. Loomis. Swali lililofikishwa mbele yake lilikuwa hili: je, mahakama inaweza kumpa mtu adhabu kwa kuzingatia alama iliyotolewa na programu ya kompyuta, ilhali namna programu hiyo inavyokokotoa alama zake ni siri ya kampuni iliyoiunda? Majaji walijibu kuwa inaweza, mradi jaji anayetoa adhabu apewe maonyo kadhaa na asiifanye alama hiyo kuwa nguzo ya uamuzi wake. Uchambuzi huu unashikilia kwamba jibu hilo lilikosea mahali pamoja ambapo panaweza kuonyeshwa waziwazi. Mahakama iliombwa maelezo ikatoa onyo, na vitu hivyo viwili havifanyi kazi moja. Onyo humwambia jaji kwamba chombo kinaweza kukosea. Maelezo humwezesha mshtakiwa kuonyesha kuwa chombo kimekosea katika shauri lake yeye.

Ni vyema kusema mapema kwamba chombo kilichobishaniwa hakikuwa na fahari ya mifumo ya leo inayoandika na kuzungumza. Kilikuwa chombo cha takwimu. Hilo ndilo linalokipa kisa hiki thamani, kwa sababu linatuwezesha kutenganisha matatizo mawili ambayo huchanganywa mno katika mijadala ya akili unde (AI) inayoelezeka, yaani ile ambayo sababu za matokeo yake zinaweza kuelezwa: mfumo usioeleweka kwa sababu hesabu zake ni ngumu, na mfumo usioeleweka kwa sababu mwenyewe hataki ueleweke.

Kisa chenyewe

Mnamo Februari 2013, katika mji wa La Crosse, mtu mmoja aitwaye Loomis alishtakiwa kwamba ndiye aliyekuwa dereva wa gari lililohusika katika tukio la kufyatua risasi. Alikana kushiriki katika ufyatuaji huo. Kati ya mashtaka matano yaliyomkabili alikiri mawili yaliyo mepesi zaidi, yaani kujaribu kumkimbia askari wa barabarani na kuendesha gari bila idhini ya mwenye gari. Mengine matatu yalifutwa, lakini kwa makubaliano kwamba jaji angeweza kuyatazama wakati wa kupanga adhabu.

Kabla ya siku ya adhabu, idara ya magereza ya jimbo iliandaa ripoti kuhusu historia na mazingira ya mshtakiwa, kama ulivyo utaratibu. Ndani ya ripoti hiyo kulikuwa na tathmini ya COMPAS, chombo kilichoundwa na kampuni ya Northpointe, ambayo baadaye ilibadili jina na kuitwa Equivant. COMPAS hupokea taarifa kutoka katika jalada la makosa ya mtu na kutoka katika mahojiano naye, kisha hutoa alama kati ya 1 na 10 katika mistari mitatu: hatari ya kutenda kosa akiwa anasubiri kesi, hatari ya kurudia uhalifu kwa jumla, na hatari ya kurudia uhalifu wa kutumia nguvu. Katika mistari yote mitatu mshtakiwa huyu aliwekwa kwenye hatari kubwa. Ripoti yenyewe ilikuwa na tahadhari kwamba alama hizo hazikukusudiwa kuamua ukali wa adhabu wala kuamua kama mtu afungwe au asifungwe. Idara ilijua mipaka ya chombo chake na iliandika hivyo.

Hata hivyo, jaji wa mahakama iliyosikiliza shauri aliitaja tathmini hiyo waziwazi alipomweleza mshtakiwa kwa nini hangepewa adhabu ya kukaa nje chini ya uangalizi. Alieleza uzito wa kosa, historia ya mshtakiwa, na kwamba vyombo vya kupima hatari vilionyesha uwezekano mkubwa sana wa kurudia uhalifu. Adhabu kwa jumla ikawa kifungo cha miaka 6, kikifuatiwa na miaka 5 ya uangalizi nje ya gereza.

Mshtakiwa aliomba adhabu hiyo ipitiwe upya. Katika kusikilizwa kwa ombi hilo alimleta shahidi mtaalamu, ambaye aliiambia mahakama jambo ambalo halikujibiwa hata kidogo: mahakama haijui COMPAS inalinganishaje historia ya mtu huyu na watu wengine, na haijui hata watu hao wa kulinganishwa naye ni wa jimbo gani. Jaji alijibu kwamba aliitumia tathmini kuthibitisha tu yale aliyokwisha kuyaona, na kwamba angetoa adhabu ileile hata kama isingekuwapo. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu ya jimbo.

Hoja tatu na jinsi zilivyopokewa

Mshtakiwa alikuwa na hoja tatu. Ya kwanza ilikuwa kwamba ana haki ya kupewa adhabu kwa kutegemea taarifa sahihi, na haiwezekani kujua kama taarifa ni sahihi ikiwa namna ilivyopatikana imefichwa. Ya pili ilikuwa kwamba ana haki ya kuadhibiwa yeye kama yeye, wala si kama mmoja wa kundi la watu wanaofanana naye kitakwimu. Ya tatu ilikuwa kwamba chombo kilizingatia jinsia yake isivyo halali.

Hoja ya pili mahakama iliichukulia kwa makini. Ilikubali kwamba alama hutabiri mwenendo wa makundi wala haimtambui mtu fulani kuwa ndiye atakayerudia kosa, na ndiyo maana ikasema alama isiwe jambo la kuamua. Hapa uamuzi ulioandikwa na Jaji Ann Walsh Bradley ni mwangalifu kuliko wakosoaji wengi wanavyokiri. Mahakama ilikataza alama kutumika kuamua kama mtu aende gerezani na kuamua ukali wa adhabu, na ikaagiza kila ripoti yenye alama hizo iambatane na maonyo ya maandishi. Maonyo hayo yanamjulisha jaji kwamba siri ya kibiashara imezuia kufichuliwa kwa namna vigezo vinavyopewa uzito. Kwamba alama zinatokana na takwimu za makundi. Kwamba chombo kinalinganisha watu na sampuli ya kitaifa na upimaji wake kwa wakazi wa Wisconsin ulikuwa haujakamilika. Kwamba tafiti zimezua maswali kama watu wa jamii za wachache huwekwa katika hatari kubwa kupita kiasi. Na kwamba chombo kiliundwa kuisaidia idara ya magereza katika maamuzi yanayofuata baada ya adhabu kutolewa.

Ugumu uko katika hoja ya kwanza na ya tatu, na tutaona kwamba kwa kweli ni hoja moja. Kuhusu jinsia, mahakama ilisema kuizingatia kunaongeza usahihi, kwa kuwa wanaume na wanawake hutofautiana katika viwango vya kurudia uhalifu, na kwamba mshtakiwa hakuthibitisha kuwa jaji aliitegemea. Lakini katika uamuzi huohuo mahakama ilieleza kwamba pande mbili zilibishana kuhusu namna COMPAS inavyoitumia jinsia. Serikali ilisema jinsia hutumika tu kumlinganisha mtu na watu wa jinsia yake. Mshtakiwa alisema hakuna awezaye kujua, kwa sababu hesabu ni siri. Mahakama haikutatua ubishi huo, na isingeweza kuutatua, maana ushahidi wa kuutatua ulikuwa mikononi mwa kampuni ambayo haikuwa mbele yake. Mtu akabebeshwa mzigo wa kuthibitisha jambo, na papo hapo akanyimwa kitu pekee ambacho kingeweza kulithibitisha.

Kuona alama si kujua ilivyopatikana

Jibu la mahakama kwa hoja ya kwanza linahitaji kusomwa polepole, kwa sababu ndilo ambalo mahakama nyingine zinaweza kuliiga bila kugundua upungufu wake. Mshtakiwa alitegemea uamuzi wa mwaka 1977 wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Gardner v. Florida, ambapo adhabu ya kifo ilitenguliwa kwa sababu ilitegemea kwa sehemu taarifa za siri ambazo mshtakiwa hakuwahi kuonyeshwa ili azipinge. Mahakama ya Wisconsin ilitofautisha mashauri hayo mawili. Ilisema kwamba huyu alionyeshwa alama zilezile alizoonyeshwa jaji, na kwamba alama hizo zinatokana na majibu yake mwenyewe na kumbukumbu za makosa yake ambazo zinapatikana kwa umma. Basi anaweza kukagua kama maswali na majibu yaliyoandikwa ni sahihi.

Kwa haraka hoja hii inaonekana timilifu: yaliyoingia yanaonekana na kilichotoka kinaonekana. Kinachokosekana ni mizani iliyoko katikati, na mtu aliyepimiwa kwenye mizani iliyofunikwa hawezi kudai kwamba amepunjwa, hata kama aliuona mzigo ulipowekwa na akasomewa tarakimu baadaye.

Tutazame kwa vitendo. Orodha ya maswali ya COMPAS ina vipengele 137, vikiwemo makosa ya nyuma, umri, marafiki, makazi, elimu, matumizi ya dawa za kulevya na mitazamo ya mtu kuhusu maisha. Mwongozo ambao kampuni iliwachapishia watumiaji unaeleza kwa jumla mambo yanayoingia katika alama ya uhalifu wa kutumia nguvu, kama vile umri wa sasa, umri wa kukamatwa kwa mara ya kwanza, historia ya vurugu, elimu na ufundi, na historia ya kutotii masharti, na unaonyesha kuwa vinajumlishwa baada ya kila kimoja kuzidishwa kwa uzito wake. Uzito wenyewe haukutajwa. Mshtakiwa akigundua kwamba jibu moja limeandikwa vibaya, atajuaje kama kosa hilo limeipandisha alama yake kutoka 4 hadi 8, au halikubadili chochote? Mahakama itauliza, kwa haki kabisa, kama kosa hilo lina athari. Naye hatakuwa na la kujibu.

Hili si jambo la kufikirika tu. Katika jimbo la New York mfungwa mmoja mwenye rekodi nzuri ya urekebishaji alinyimwa parole, yaani kuachiliwa mapema kwa masharti, mwaka 2016, na akagundua kwamba jibu moja katika tathmini yake ya COMPAS lilikuwa limejazwa kimakosa. Kuligundua kosa hakukutosha. Alihitaji kuonyesha kwamba kosa hilo lilikuwa na uzito katika alama ya mwisho, na uzito ndio uliokuwa siri. Kwa hiyo haki ya kukagua yaliyoingizwa, ambayo mahakama ya Wisconsin iliitegemea, ni haki isiyokamilika mpaka iungane na haki ya kujua yaliyoingizwa yanafanya nini.

Kuna tabaka la pili ambalo hujadiliwa kwa nadra, nalo ni maana ya tarakimu yenyewe. Alama ya COMPAS si uwezekano kwa asilimia. Alama ya 8 haisemi kwamba watu 8 kati ya 10 wa namna hiyo watarudia uhalifu. Inasema kwamba mtu huyo, akipangwa pamoja na watu wa kundi la kulinganishia, anaangukia katika sehemu ya nane kati ya kumi kutoka chini. Alama za 1 hadi 4 huitwa hatari ndogo, 5 hadi 7 hatari ya kati, na 8 hadi 10 hatari kubwa. Ukibadili kundi la kulinganishia, tarakimu inaweza kubadilika ingawa mtu ni yuleyule, mwenye rekodi ileile na majibu yaleyale. Jaji anayesikia maneno "hatari kubwa" bila kuelezwa hili huelewa kwamba ameambiwa jambo kuhusu mtu aliyesimama mbele yake. Kwa kweli ameambiwa nafasi ya mtu huyo katika foleni ambayo hajui imeundwa na nani. Swali la shahidi mtaalamu kuhusu jimbo walikotoka watu wa kulinganishwa lilikuwa linagusa hapa hasa.

Jaji Shirley Abrahamson, katika maoni yake ya kuunga mkono matokeo, aliandika kwamba kutokuielewa COMPAS kulikuwa tatizo kubwa kwa mahakama katika shauri hili. Alieleza kwamba wakati wa mabishano ya mdomo majaji waliwauliza mawakili wa pande zote mbili mara kwa mara jinsi chombo kinavyofanya kazi, na majibu yaliyopatikana yalikuwa machache. Northpointe iliomba kuwasilisha maandishi kama rafiki wa mahakama, yaani asiye upande katika kesi anayeisaidia mahakama kwa taarifa; ombi hilo likakataliwa, ingawa yeye Abrahamson angelikubali. Naona maoni haya ndiyo sehemu yenye ukweli mwingi zaidi katika jalada zima. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilihalalisha matumizi ya chombo, huku mmoja wa majaji wake akikiri kwa maandishi kwamba mahakama haikukielewa.

Kuhusu kauli ya jaji wa chini kwamba adhabu ingekuwa ileile, mahakama ya juu iliipokea kama jambo linalofuta madhara. Inapaswa kufikiriwa tena. Kama alama haikuongeza chochote, hapakuwa na sababu ya kuitaja mahakamani mbele ya mtu anayefungwa. Na kama iliongeza uhakika wa jaji, hata kidogo, basi ilikuwa sehemu ya sababu za adhabu, na sababu za adhabu ni lazima ziweze kujibiwa. Kuthibitisha ni kazi. Ushahidi unaothibitisha ushahidi mwingine hauachi kuwa ushahidi.

Siri, wala si ugumu

Mara nyingi husemwa kwamba kuna bei ya kulipa: ukitaka mfumo unaoeleweka utapoteza usahihi, na ukitaka usahihi lazima ukubali mfumo usioeleweka. Katika eneo la kutabiri kurudia uhalifu, ushahidi uliopo hauungi mkono dai hilo.

Mwaka 2018 watafiti Julia Dressel na Hany Farid walichapisha uchunguzi uliotumia takwimu za kaunti ya Broward, Florida. Waligundua kwamba utabiri wa COMPAS ulikuwa sahihi kwa takriban asilimia 65, na kwamba hesabu rahisi yenye vigezo viwili tu, umri na idadi ya hukumu za nyuma, ilifikia kiwango hichohicho au kukizidi kidogo. Watu wasio na mafunzo yoyote ya sheria, waliopewa maelezo mafupi ya kila mshtakiwa, hawakuachwa nyuma. Watafiti wengine, akiwemo Cynthia Rudin, walionyesha kwamba kutokana na takwimu hizohizo inawezekana kupata orodha fupi ya kanuni ambayo mtu anaweza kuikariri: mwanamume mwenye umri wa miaka 18 hadi 20 atabiriwe kukamatwa tena, mwenye miaka 21 hadi 23 na makosa 2 au 3 ya nyuma vilevile, mwenye makosa zaidi ya 3 ya nyuma vilevile, wengine wote wasitabiriwe hivyo. Usahihi wake ulikaribiana na wa COMPAS.

Sipendekezi kwamba mtu yeyote afungwe kwa orodha hiyo. Ninaitaja kwa sababu ya jambo linalotokea unapoisoma. Mara moja unaona kwamba kijana wa miaka 19 asiye na kosa lolote la nyuma anahukumiwa kwa umri na jinsia yake peke yake, na mara moja unaweza kusimama mahakamani na kulipinga hilo. Kanuni mbaya iliyo wazi hukutana na pingamizi siku ya kwanza. Kanuni hiyohiyo ikifunikwa ndani ya alama ya 1 hadi 10 inaweza kutumika miaka mingi bila mtu kuigusa, na katika kesi ya Loomis mahakama haikuweza hata kuthibitisha kama ilikuwamo ndani ya hesabu au la.

Kutokana na hayo, Rudin amekuwa akitetea kwa nguvu msimamo kwamba katika maamuzi yenye uzito mkubwa kwa maisha ya watu tusiunde mfumo uliofungwa kisha tukatafuta programu ya pili ya kuuelezea, bali tuunde mfumo unaoeleweka tangu mwanzo. Msimamo huu unafaa zaidi mahakamani kuliko mahali pengine popote. Maelezo yanayotengenezwa baadaye ni makisio ya jinsi mfumo wa kwanza ulivyofikiri. Yanaweza kukaribiana na ukweli mara nyingi na kuukosa katika shauri moja, na mshtakiwa ni shauri moja.

Hatari ya makisio ilionekana hata kwa wakosoaji wa COMPAS. Mei 2016, wiki chache kabla ya uamuzi wa Loomis, shirika la habari la ProPublica lilichapisha uchambuzi wa alama za watu zaidi ya 7,000 wa Broward. Uchambuzi ulionyesha kwamba miongoni mwa watu ambao hawakurudia uhalifu, asilimia 44.9 ya weusi walikuwa wamewekwa katika hatari ya kati au kubwa, dhidi ya asilimia 23.5 ya weupe. Northpointe ilijibu kwamba alama zake zina usahihi sawa kwa makundi yote mawili, kwa maana kwamba weusi na weupe wenye alama moja walirudia uhalifu kwa viwango vinavyokaribiana. Wanahisabati wakaonyesha kwamba pande zote mbili zingeweza kuwa sahihi kwa pamoja: pale ambapo makundi hutofautiana katika viwango vya kukamatwa tena, vipimo hivyo viwili vya usawa haviwezi kutimizwa pamoja isipokuwa kwa utabiri usiokosea kabisa. Kwa hiyo aliyeiunda COMPAS alichagua aina moja ya haki akaiacha nyingine. Uchaguzi wa namna hiyo ni wa umma, na ulifanywa kabla hata jaji hajafungua jalada. Kisha mwaka 2020 Rudin na wenzake walidai kwamba sehemu ya uchambuzi wa ProPublica ilijengwa juu ya dhana isiyo sahihi kuhusu namna COMPAS inavyoutumia umri. Wote hawa walikuwa watafiti makini, wote walikuwa na takwimu, na bado walibishana kuhusu yaliyomo ndani ya chombo kilichokuwa kinatumika mahakamani kila siku. Mshtakiwa mmoja na wakili wake wangefanya nini?

Njia ambayo haikujaribiwa

Juni 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kulisikiliza shauri hili, na uamuzi wa Wisconsin ukabaki ulivyo. Inaweza kudhaniwa kwamba hapakuwa na njia ya kati baina ya kuilazimisha kampuni iweke hesabu zake hadharani na kumwacha mshtakiwa gizani. Njia ilikuwapo, na mahakama zimezoea kuitumia katika mashauri ya biashara: mwenye siri huikabidhi kwa mahakama, wataalamu wa pande zote huikagua chini ya amri ya kutoifichua, na jaji huamua kiasi gani cha kile kilichoonekana kinahitajika ili haki itendeke.

Tarehe 27 Februari 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilifuata mwelekeo huo katika shauri la Dun & Bradstreet Austria, lililohusu mtu aliyenyimwa mkataba wa simu kwa sababu ya tathmini ya kiotomatiki ya uwezo wake wa kulipa. Mahakama ilisema kwamba mtu huyo anastahili kuelezwa, kwa njia fupi na inayoeleweka, utaratibu na kanuni zilizotumika kwa kweli katika kuzichakata taarifa zake, na kwamba kumkabidhi fomula ngumu tu si kumweleza. Kuhusu siri ya kibiashara, ilisema mwenye siri anapaswa kuiwasilisha kwa mamlaka au mahakama husika ili ipime haki za pande zote mbili. Inasikitisha kuona kwamba mteja wa simu barani Ulaya anaweza kudai maelezo ambayo mtu anayepelekwa gerezani Wisconsin aliambiwa hayahitajiki. Nayo Sheria ya Akili Unde ya Umoja huo, iliyoanza kuwa na nguvu Agosti 2024, inaiweka mifumo ya kusaidia mahakama katika kundi la hatari kubwa na kumpa mtu aliyeathiriwa na maamuzi ya aina hiyo haki ya kudai maelezo yaliyo wazi kuhusu nafasi ya mfumo katika uamuzi.

Hata ndani ya Marekani hoja hiyohiyo ilishika mahali pengine. Mwaka 2017, katika shauri la walimu wa Houston waliokuwa wakipimwa kwa alama za mfumo wa siri, jaji wa mahakama ya shirikisho alikubali kwamba dai lao la kunyimwa taratibu za haki lingeweza kwenda mbele, kwa kuwa walimu hawakuwa na njia yoyote ya kuhakiki alama zilizotishia kazi zao. Hakuilazimisha kampuni ifichue siri yake. Alisema tu kwamba mwajiri wa umma akichagua kutumia hesabu asiyoweza kuieleza, huenda asiruhusiwe kuitumia kumfukuza mtu. Kwa njia hiyo siri hubaki na mwenyewe, na gharama ya siri humwangukia anayechagua kuitumia.

Kanuni hiyo ingeweza kuhamishiwa kwenye shauri la Loomis bila ugumu. Kampuni ina haki ya kulinda hesabu zake. Serikali haina haki ya kununua hesabu hizo na kumletea raia matokeo yake kama sababu ya kifungo. Wakili anayekutana na ripoti yenye alama ya namna hii anapaswa kudai orodha kamili ya majibu yaliyoingizwa, toleo la programu lililotumika, uzito wa kila kigezo, na mahali mpaka kati ya hatari ya kati na hatari kubwa ulipowekwa na nani aliyeuweka. Baadhi ya hayo kampuni itayapinga, na mahakama italazimika kupima. Lakini swali moja haligusi siri yoyote ya biashara, nalo ni lile la kundi la kulinganishia. Mahakama ya Wisconsin yenyewe iliandika katika maonyo yake kwamba upimaji wa chombo hicho kwa wakazi wa jimbo lake ulikuwa haujakamilika. Kipengele hicho peke yake kilitosha kuagiza kwamba alama ziondolewe katika ripoti za adhabu hadi upimaji ukamilike na matokeo yake yawekwe mbele ya pande zote mbili.